Aisee

Aisee (hutamkwa a-i-se-e, mkazo ukiwa kwenye e ya kwanza) ni kihisishi cha Kiswahili kinachotumika sana Tanzania, na pia Kenya, kumwita mtu, kuonyesha mshangao, kutia mkazo au kuonyesha masikitiko. Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza, I say, yaani "nasema". Hayatoki katika I see, yaani "naona" au "nimeelewa", ingawa tahajia ya neno huwafanya wanafunzi na wageni wengi kuamini hivyo.

Kati ya vihisishi ambavyo Kiswahili kimepata kutoka lugha za kigeni, vingi vya zamani vimetoka katika Kiarabu na vina sura ya dua: lahaula, yarabi, astaghafiru. Aisee ni la Kiingereza, halina dini, na limeenea kutoka vijiweni mpaka ofisini. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, linasikika pamoja na lo, kumbe, jamani na salaale, bila msemaji kuhisi kwamba anatumia neno la kigeni.

Maana na matumizi

Kazi ya kwanza ya aisee ni kumwita mtu, hasa mtu usiyemjua jina. Anayeshuka kwenye basi stendi ya Nachingwea anaweza kumwambia dereva wa bodaboda: "Aisee, samahani, nipeleke sokoni." Hapa neno linashika nafasi ya ndugu, bwana au rafiki, na katika maandishi hufuatwa na mkato.

Kazi ya pili ni mshangao. Msimu wa korosho, wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza mazao yao katika minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Bei inapotangwaza kwa kilo, mkulima aliyetegemea kidogo husema: "Aisee! Kweli?" Na aliyetegemea kikubwa akasikia kidogo husema vilevile "Aisee", ila sauti inashuka na e inavutwa. Kihisishi ni kilekile. Kinachotofautisha furaha na huzuni ni mpando wa sauti. Katika maandishi matumizi haya huhitaji alama ya mshangao.

Tatu, aisee huja mwishoni mwa sentensi kutia mkazo: "Jua la leo kali, aisee." "Namungo leo wamecheza, aisee." (Namungo ni timu ya mpira wa miguu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu katika msimu wa 2019/20.) Ukiliondoa neno hapa, habari haibadiliki hata kidogo, kinachopungua ni ule uzito ambao msemaji anataka msikilizaji auone.

Nne, huonyesha kuguswa na msiba au shida ya mwenzako: "Aisee, pole sana." Tano, huonya: "Aisee, usinichezee." Katika onyo hili neno halivutwi kabisa. Hukatwa, na anayeambiwa huelewa kwamba utani umekwisha.

Kuna matumizi ya sita ambayo ndiyo mzizi wa mkanganyiko unaoelezwa hapa chini. Mtu anapohadithiwa jambo refu, hutia "aisee" katikati ili msimuliaji ajue kwamba anasikilizwa. "Nikafika kituoni." "Aisee." "Gari limeshaondoka." "Aisee!" Mwingereza angeweza kusema I see mahali hapohapo, na kwa hiyo mgeni anayesikiliza mazungumzo ya namna hii hana sababu ya kushuku kwamba amekosea.

Kwa nini si "I see"

Mtu aliyesoma Kiingereza akiona neno lililoandikwa aisee, jicho lake huisoma ee kama Waingereza wanavyoisoma, yaani kama i ndefu. Lakini neno hili limeandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, na katika tahajia ya Kiswahili ee ni ee. Ushahidi kwamba chanzo ni say uko katika mambo matatu.

La kwanza ni irabu. Irabu ya Kiingereza iliyomo katika say ndiyo iliyomo katika cake, rail, brake na gate, na Kiswahili kimeyapokea maneno hayo kwa e: keki, reli, breki, geti. Irabu iliyomo katika see ndiyo iliyomo katika team, speaker na screen, nayo tumeipokea kwa i: timu, spika, skrini. Kama tungekuwa tumeazima I see, leo tungekuwa tunasema "aisii". Hakuna asemaye hivyo.

La pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tungeandika na kutamka aise, kwa silabi tatu, mkazo ungeangukia i, na neno lisingefanana na lile lililosikiwa kwa Waingereza, ambao huitilia nguvu say. Kurefusha e ya mwisho kunaongeza silabi moja na kuurudisha mkazo mahali pake. Ndivyo ilivyotokea pia kwa haloo, kutoka hello, ambalo Waingereza hulitilia mkazo silabi ya pili. Kwa hiyo ee ya aisee ina kazi, na wanaoandika "aise" wanaipoteza.

La tatu, ambalo kwa maoni ya mwandishi wa makala hii lingetosha peke yake, ni matumizi ya kuita. I see haliwezi kumwita mtu. Huwezi kusimama ng'ambo ya barabara ukamwita mpita njia kwa kumwambia "nimeelewa". Lakini I say lilikuwa wito wa kawaida kabisa wa Kiingereza, na lilikuwa pia neno la mshangao. Kazi hizo mbili, wito na mshangao, ndizo zilizo kubwa katika aisee mpaka leo.

Asili katika Kiingereza

Kitenzi say kimetokana na secgan cha Kiingereza cha kale, ambacho ni ndugu wa sagen cha Kijerumani. Maneno I say yalianza kama sentensi kamili yenye kiima na kitenzi, kisha yakatumika kusisitiza amri. Katika tamthilia ya Macbeth ya William Shakespeare, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 17, Lady Macbeth anaongeza I say anapoliamuru doa la damu limtoke mkononi. Hapo bado maana ya kusema iko hai: "natamka, tena nimeshatamka."

Baadaye maneno hayo yakawa njia ya kumgutusha msikilizaji kabla ya kumweleza jambo, na kutoka hapo yakawa mshangao mtupu. Mtu akiona kofia ya ajabu alisema I say! na asiongeze lolote. Hakuna alichokuwa "anasema". Wamarekani nao walikata kiima wakabaki na Say! Katika riwaya na hadithi za P. G. Wodehouse kuhusu kijana tajiri Bertie Wooster na mtumishi wake Jeeves, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1915, vijana wa tabaka la juu husema I say kila mara. Kwa Mwingereza wa leo neno hilo lina harufu ya zamani na ya watu wenye makuu, na wengi hulitumia kwa kuigiza tu. Huku kwetu linasemwa na kondakta wa basi.

Safari ya kitenzi cha kusema hadi kuwa wito na mshangao haikufanywa na Waingereza peke yao. Wafaransa wana dis donc na dites donc, kwa maana ya "hebu sema". Kiswahili chenyewe kina ati, neno linalotokana na kitenzi cha kale cha Kibantu -ti, "kusema", ambacho Wayao bado wanacho katika kuti. Anayeshangaa kwa kusema "Ati nini?" amefanya jambo lilelile kwa mali ya nyumbani. Na yule anayemaliza kila habari kwa "nakwambia!" yuko njia hiyohiyo.

Watu wa nje walivyolisikia

Waingereza walilisema neno hili mara nyingi kiasi kwamba watu wa nchi walizofika waliwapa jina kutokana nalo. Henry Yule na A. C. Burnell, katika Hobson-Jobson, kamusi yao ya maneno ya Waingereza wa India iliyotoka mwaka 1886, wanaeleza kwamba watu wa China waliwaita askari wa Kiingereza kwa jina lililotokana na I say. Wanaongeza kwamba kule Java Wafaransa waliitwa watu wa "deedong", kwa sababu ya dites donc yao. Anayedhani kwamba mtu hujulikana kwa maneno yake makubwa na aangalie hapa: waliokuwa wakisikiliza waliokota kile kilichorudiwarudiwa.

Katika Malaysia na Singapore, nchi nyingine zilizotawaliwa na Uingereza, kuna aiseh, na pia aiseyman, kutoka I say, man, linalosemwa zaidi mambo yanapoharibika. Hakuna aliyeyapeleka maneno haya kutoka Afrika Mashariki wala kuyaleta kutoka huko. Ni mbegu moja iliyoota katika mashamba mbalimbali.

Kuingia katika Kiswahili

Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza tangu Vita Vikuu vya Kwanza mpaka Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Maneno ya Kiingereza yalifika kwa njia mbili: darasani, kwa macho, na kazini, kwa masikio. Aisee ni la masikio. Hakuna mwalimu aliyelifundisha ubaoni, na kama lingepitia kitabuni lingebaki na sura yake ya maneno mawili. Aliyelipokea alisikia mlio mmoja, "aisei", hakujua kwamba ndani yake kuna "mimi" na kuna "kusema", akalichukua zima kama lilivyo.

Mahali pa kupokelea maneno ya namna hiyo palikuwa pengi: jeshi la King's African Rifles, reli, bandari, mashamba ya mkonge, nyumba za mabwana. Kusini, mfano mkubwa ni Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita Vikuu vya Pili. Pori likasafishwa kwa matrekta, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Kwa miaka michache mafundi na mabwana shamba wa Kiingereza, wengi wao askari waliotoka vitani, walifanya kazi bega kwa bega na Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili chenye viraka vya Kiingereza. Mpango uliachwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni za Uingereza milioni 36 hivi, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Maneno kama trekta hayakung'olewa pamoja nayo.

Leo Watanzania wengi huihusisha aisee na kaskazini, hasa Arusha na Moshi, na wachekeshaji wakitaka kuigiza mtu wa huko huanza nalo. Ni kweli kwamba huko linasemwa sana. Hata hivyo si neno la kabila lolote wala la mkoa mmoja, na dhana kwamba limetoka katika Kichaga inapingwa na ushahidi wa sauti ulioelezwa hapo juu.

Sarufi

Aisee ni kihisishi, aina ambayo baadhi ya vitabu huiita kiingizi. (Wanafunzi wengi huandika "kihusishi" kwenye mtihani wakati wanamaanisha "kihisishi". Herufi moja inabadilisha jibu lote: vihusishi ni maneno kama kwa na katika.) Kama vihisishi vingine, halifungwi na upatanisho wa kisarufi, halina umoja wala wingi, na linaweza kusimama peke yake kama usemi kamili.

Lipo jambo moja la kuangalia katika wingi. Mtu akitaka kuita kundi hasemi "aiseeni". Husema jamani, neno lililojengwa juu ya jamaa na kuwekewa -ni ileile ya njooni na karibuni. Aisee ya kuita humwelekea mtu mmoja. Aisee ya mshangao haimwelekei mtu, na ndiyo maana inaweza kusemwa mbele ya watu mia au katika chumba kisicho na mtu.

Tahajia nyingine zinazoonekana, hasa katika ujumbe wa simu, ni aise, aisei na aiseeee. Ile ya mwisho ni njia halali ya kuonyesha sauti iliyovutwa ndani ya mazungumzo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar ambaye baadaye alikuwa askofu, aliandika jambo kama hilo kuhusu loo katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili: idadi ya o huongezeka kwa kadiri ya mshangao.

Adabu ya matumizi

Aisee ni neno la marika. Kijana akimwita kijana mwenzake kwa "aisee" hajakosea, lakini akimwita mzee hivyo amemshusha. Katika Nachingwea na Ruangwa, kama kwingineko nchini, mtoto huanza na shikamoo, kisha huita babu, bibi, mzee, baba au mama. "Aisee mzee" haiponi hata ukiongeza "samahani". Wito huo pia husikika zaidi kati ya wanaume. Mwanamke akimwita mwanamke asiyemjua husema dada, mama au shoga kabla ya kufikia aisee.

Katazo hili linahusu wito tu. Mjukuu anayesimuliwa na babu yake habari za reli iliyong'olewa akasema "Aisee!" kwa kushangaa hajamkosea adabu, kwa sababu neno halikumlenga babu. Wazazi na walimu wengi hawatofautishi matumizi haya mawili, na watoto hukaripiwa kwa mshangao wao.

Shuleni kuna ugomvi mwingine, wa insha. Katika barua rasmi, ripoti au insha ya hoja aisee haina nafasi, kama vile kumbe na jamani zisivyo na nafasi. Lakini katika hadithi au mazungumzo ya tamthilia, mhusika anayesema "aisee" anazungumza Kiswahili cha kweli, na kumkata mwanafunzi alama kwa sababu tu neno "ni la Kiingereza" ni kumwonea. Kwa kipimo hicho ingebidi kukata pia shule, lenye asili ya Kijerumani, na meza, lenye asili ya Kireno. Mwalimu aangalie kwanza kama neno liko ndani ya alama za kunukuu, na nani anamwambia nani.

Kutafsiri kwa Kiingereza

Kurudisha aisee kwa I say ni sahihi kihistoria lakini ni vibaya katika Kiingereza cha leo, kwa kuwa mhusika wa Ruangwa atageuka kuwa bwana wa Kiingereza mwenye fimbo ya kutembelea. Kurudisha kwa I see ni kosa la maana, isipokuwa pale msikilizaji anapoonyesha tu kwamba anafuata habari. Aisee ya wito hutafsiriwa vizuri kwa hey au excuse me, kufuatana na adabu ya mahali. Aisee ya mshangao inaweza kuwa wow, neno lililotoka kwa Waskoti, ambalo vijana wetu nao wameanza kuliandika wao! bila kujali kwamba Kiswahili kina wao jingine la siku zote. Aisee ya msiba haihitaji neno. Oh ndogo mbele ya pole inatosha. Ile ya mwisho wa sentensi, kama katika "Jua la leo kali, aisee", mara nyingi huachwa, na mfasiri huongeza nguvu kwenye kivumishi.